Karibu Isiyo na Siku

Mjerumani wa Mchafukoge amefariki. Niliambiwa Jumatatu kwenye kijiwe chetu cha kahawa, na aliyeniambia alikuwa bado anapuliza kikombe chake. "Yule babu wa makasia katutoka," akasema. "Kafia usingizini, peke yake." Wengi wenu hamkumjua. Alikuja zamani kufunga winchi bandarini, mkataba ukaisha, yeye akabaki, ghorofa ya tatu, hana mke wala mtoto. Ujanani aliipigia nchi yake makasia katika mashua ya watu wanane, na hilo ndilo jambo pekee alilolizungumza bila kuulizwa. Siku moja alitupanga kwenye benchi la kahawa, pamoja na wapagazi wa Kariakoo, mmoja nyuma ya mwingine, tuvute kwa pamoja makasia yasiyokuwepo. Wapita njia walitucheka mpaka basi. Mpagazi mmoja akamuuliza, "Sasa babu, mnakwenda kinyumenyume, mtajuaje kama mnashinda?" Akajibu kwa Kiswahili chake kilichonyooka, "Ukiwaona wenzako, unaongoza. Usipomwona mtu, wewe ni wa mwisho." Kisha akasema wale saba wa mashua yake wameshakufa wote. Tukamnunulia kashata.

Lakini lililoniuma nimelisikia msibani. Jirani yake, mama mmoja wa Mtwara anayeuza nguo za watoto Msimbazi, kila akikutana naye ngazini alimwambia, kama anavyotuambia sote akipita kijiweni, "Karibu nyumbani." Babu hushukuru, akapanda zake. "Nikajua mzungu huyu hataki watu," mama akatueleza. Wiki iliyopita akaona amuulize kulikoni haji. Babu akamshangaa. "Nangoja, mama. Hujanitajia siku."

Jamani! Miaka yote ile mtu amekaa juu kule anangoja, maana kwao mwaliko bila siku na saa si mwaliko, na mwanamichezo haanzi kabla ya kuambiwa anza. Kwetu karibu ni mlango ulio wazi, na mwenye kuuingia ni wewe. Ilitosha tulipokaa nyumba za chini, mtu anapita barazani, anasikia harufu ya mchuzi, anapiga hodi. Sasa tumepanda maghorofani, tumefunga mageti ya chuma, na neno tumebaki nalo lile lile. Mgeni njoo mwenyeji apone, tunasema, kisha kila mmoja anamngoja mwenzake.

Mama alimtajia siku hapo hapo ngazini: Jumapili, mchana, pilau. Jumapili babu hakushuka, ndipo mama akapanda kumgongea. Mlango ulipofunguliwa, shati jeupe lilikuwa limetundikwa kwenye mlango wa kabati, limepigwa pasi.

Msiba hauna mwaliko, kwa hiyo tulijaa sebuleni kwa mama yule, wengine tukakaa mpaka koridoni. Akatupakulia pilau. Nikatazama kuta, mapazia, picha za wanawe, na nikaona wenzangu nao wanatazama. Sote tulishakaribishwa humo miaka na miaka, na ndiyo kwanza tunaingia. Mtu akingali hai, mtajie siku.