Maji ya Mgeni

Redio ya fundi cherehani ilikuwa inazungumzia jiwe. Jiwe kubwa kama kilima, alisema mtangazaji, la yale yanayozunguka huko angani, ambalo siku moja linaweza kuiangukia dunia. Swali lake lilikuwa hili: wataalamu wakiliona linakuja, serikali iwatangazie watu au inyamaze? Wasikilizaji walipiga simu. Mmoja alisema angechimba handaki alijaze unga na dagaa. Mwingine alisema angepanda treni, na fundi akacheka, akaiuliza redio kama kwamba itamjibu: treni ya kwenda wapi?

Mimi nilikuwa nimepeleka gauni likapunguzwe. Kwenye benchi alikaa mstaafu mwenzangu, mtu aliyeletwa Kigoma kikazi kutoka mkoa wa mbali akazeekea hapa hapa. Alikunja gazeti lake akasema wasitangaze. "Wananchi ukiwaambia jambo kama hilo unazusha taharuki. Watakanyagana bure, na jiwe lenyewe labda litapita pembeni."

Maneno hayo niliwahi kuyapiga taipu kwa vidole vyangu mwenyewe.

Ilikuwa miaka ile wakimbizi wa Burundi walipokuwa wanamiminika. Nilikuwa mpiga chapa katika ofisi moja ya serikali mjini Kigoma, na nyumbani kwetu ni Kasingirima, Ujiji. Kila asubuhi ufukweni palikuwa na watu wapya, wamekaa juu ya mafurushi, wamelowa mpaka magotini, wanangoja kuandikishwa. Mama yangu alikuwa amekwenda kuchota maji akarudi na mwanamke mmoja kijana na mtoto wake wa kike, wa miaka kama mitatu. Hakutuomba ruhusa. Alitandika mkeka chumba cha nyuma, akasema hawa watakaa hapa mpaka gari la kambini lifike.

Wiki ile ile ililetwa barua mezani kwangu, imegongwa muhuri mwekundu wa siri. Mganga mmoja wa hospitali alikuwa ameandika kwamba maji ya ziwa karibu na mahali wanaposhukia watu yana kipindupindu. Aliomba gari la matangazo lipite mitaani siku hiyo hiyo, watu waambiwe wachemshe maji yote ya kunywa. Mkuu wangu wa kazi aliisoma amesimama. Alikuwa mtu mpole, hakuwahi kunipandishia sauti hata siku moja, na mpaka leo upole wake ndio unaoniudhi kuliko yote. Alinisomea jibu, mimi nikapiga taipu: tangazo lisubiri hadi ziara ya mgeni kutoka Dar es Salaam ipite, ili kuepusha taharuki kwa wananchi na kuharibika kwa biashara ya dagaa. Kisha akafunga mlango.

"Haya ni ya humu humu, binti."

"Ndiyo, mzee," nikamjibu.

Kabla ya saa nne alikuwa amemwagiza mhudumu kwamba kuanzia siku hiyo maji yake ya kunywa yachemshwe, tena yatokote sana. Nilimsikia kwa masikio yangu. Ukuta baina yetu ulikuwa wa mbao nyembamba.

Jioni nilimkuta mama anapepeta mchele. Nikamwambia, "Mama, kuanzia leo maji ya kunywa tuchemshe."

"Nani anaumwa?"

"Hakuna. Tuchemshe tu."

Alinitazama kidogo. Nilikuwa mtoto wake aliyesoma, anayefanya kazi ofisini, na jambo nililolileta kutoka ofisini lilikuwa na heshima yake. Hakuuliza tena. Usiku ule tulikunywa maji yaliyonuka moshi, na asubuhi yake, na siku zilizofuata. Nilijiona mjanja. Siri ya serikali nimeitunza na watu wangu nimewaokoa, nikasema moyoni.

Lakini mimi ni mtu wa Ujiji, na nilisahau jambo ambalo kila mtu wa Ujiji analijua. Kwetu mgeni hapewi maji yaliyopita motoni. Maji ya kuchemsha ni ya mgonjwa na ya mzazi, yana moshi na yamepoa nusunusu, na kumpa mgeni ni kama kumpakulia ukoko. Mgeni hupewa maji ya ziwa yenyewe, tena yaliyochotwa kwa adabu. Mama alikuwa akiingia ziwani alfajiri mpaka maji yamfike kifuani, anapiga uso wa maji kwa kitako cha kata kufukuza takataka, ndipo anajaza ndoo. Maji hayo aliyatia kwenye mtungi na kuuweka chumba cha nyuma, kwa wageni peke yao. Ilikuwa heshima yake kwao, maana watu wenyewe walikuwa wamepoteza kila kitu.

Mimi nilikuwa natoka kwenda kazini kabla hajarudi kutoka ziwani. Ule mtungi sikuuona. Sikuuliza pia.

Jumamosi nilirudi saa saba mchana nikakuta mlango wazi na mama ameshika khanga zilizolowa. Mtoto alikuwa ameanza kuharisha asubuhi, maji matupu, na macho yake yalikuwa yamezama. Nilijua nilipomtazama tu. Tulimfunga mgongoni kwa mama yake tukaondoka kwa miguu kwenda hospitali, nusu tunakimbia, mimi nimebeba chupa ya maji ya chumvi na sukari ambayo alikuwa hawezi tena kuyameza. Hatukufika. Njiani yule mwanamke alisimama, akanyoosha mkono nyuma akamgusa mtoto mguu, akakaa chini kando ya barabara.

Tulimzika kesho yake. Yule mwanamke mwenyewe aliugua akapona. Gari la kambini lilipokuja aliishika mikono yote miwili ya mama yangu akamwambia, "Murakoze, mawe, murakoze cane." Alikuwa anamshukuru, anamwita mama. Mama hakuweza kumwangalia usoni.

Gari la matangazo nalo lilipita siku tatu baada ya mazishi, mgeni mkubwa alipokwisha kuondoka na mapambo yake. Kipaza sauti kilikuwa kinalia mtaa mzima: kipindupindu, maji ya ziwa, chemsheni. Watu hawakukanyagana. Walikwenda kutafuta kuni.

Mama alikuwa uani anausugua ule mtungi kwa mchanga. Aliacha kusugua mpaka gari lilipopita, kisha akaniuliza pasipo kugeuka.

"Mwana wanje, mwanangu, yale maji uliyosema tuchemshe. Ulikuwa unajua?"

Hapo ndipo ningeweza kusema. Mtoto alikuwa amekwisha kufa, barua ilikuwa haina siri tena, na mkuu wangu hakuwepo pale uani.

"Hapana, mama," nikasema. "Nilisikia watu wanaongea tu."

Aliendelea kusugua. Hakuniuliza tena maisha yake yote. Aliishi miaka mingi baada ya hapo, na kila mgeni aliyeingia kwetu alipewa maji ya kuchemsha, na mama akamwomba radhi kwa ule moshi. Wakati mwingine aliwasimulia kwa nini. "Nilimuua mtoto wa mtu kwa maji," alikuwa akisema, kwa sauti ya kawaida, na mimi nimekaa pale pale nachambua mboga. Amekufa akiamini hivyo. Nilimwosha mwenyewe, na hata wakati huo sikufungua mdomo.

Kwa fundi cherehani, mstaafu alikuwa bado anaongea. Nikamkatiza nikamwambia watangaze, tena waseme na sababu, kila mtu ajue ni nini kinachokuja na kinatoka wapi.

"Ni rahisi kusema, mama," akanijibu kwa upole. "Hebu ungekuwa wewe ndiye mwenye hiyo habari. Ungefanyaje?"

"Ningewaambia wa nyumbani kwangu nusu ya habari," nikasema, "halafu ningeulizwa, ningekana."

Alifikiri natania. Fundi aliniletea gauni nilijaribu, nikamwambia nitakuja kesho.