Makoti Matatu, Watu Wanne

Kila nifunguapo selotepu mpya, ile harufu yake kama ya siki inanirudisha Toongabbie, kitongoji cha Sydney, kwenye sakafu ya sebule yetu, nikiwa na miaka kumi na moja na nikiwashuku wazazi wangu wote wawili.

Baba alikuwa ameichapisha ramani maktaba, karatasi moja moja, akaziunga kwa selotepu mpaka zikafunika zulia. Kulikuwa na Ufaransa, Uswisi, Italia na Austria, na kati yake milima iliyokunjamana kama shuka lililolaliwa. Kila Jumamosi, siku ambayo hakwenda kazini ghalani, alipiga magoti juu yake na kalamu nyekundu mkononi. Tungeshukia kwa binamu ya Mama kule Lyon, tukodi gari, tupande na kushuka milima siku sita, hadi mji mdogo wa Austria anakoishi Baba mdogo Deo.

"Ni likizo," alisema Mama. "Watu wanaendaga likizo."

Watu, ndiyo. Sisi hatujawahi. Mimi nilizaliwa kambi ya wakimbizi Kigoma, mama akiwa ametokea Uvira na baba Burundi, na kwetu neno safari lilikuwa na maana moja: unaondoka na hurudi. Kila safari niliyoikumbuka ilianza kwa wakubwa kunong'ona. Na sasa walikuwa wakinong'ona tena. Nyumbani tulisema Kiswahili, lugha waliyokutania, lakini nikiingia tu wanahamia Kifaransa, lugha yao ya siri. Nami nilikuwa na masikio ya sungura. Kwenye Kifaransa hicho niliokota jina la Deo, mara nyingi kupita kiasi, na kila likitajwa Baba aliinamisha kichwa.

Kisha nikamsikia Mama akiuliza kwa Kiswahili, akidhani niko nje: "Na minyororo je? Wanasema bila minyororo polisi hawakuachi upite."

Siku nzima sikula vizuri. Mdogo wangu Kevin, aliyekuwa na miaka mitano, nilimwambia kwamba Ulaya watu hufungwa minyororo. Alilia mpaka Mama akaja kutueleza kuwa ni ya magurudumu, ya kuzuia gari kuteleza kwenye theluji. Nilikubali kwa kichwa tu. Moyoni niliandika: wana majibu ya kila kitu.

Ushahidi mkubwa niliupata Liverpool, ile ya Sydney, si ya Uingereza. Ilikuwa Novemba, jua linachoma, na Mama alitupeleka kwenye duka la mitumba kununua makoti ya baridi. Tulisimama mbele ya kioo, jasho likitutiririka ndani ya manyoya ya bandia, na muuzaji akatucheka hadi akaegemea kaunta. Mama alichagua koti la Kevin, langu, na lake la rangi ya zambarau. Akafunga mfuko.

"Na la Baba?" nikauliza.

"Baba yako atatafuta lake," akasema, haraka mno.

Wiki zikapita, Baba hakutafuta. Makoti matatu yalining'inia nyuma ya mlango, nami nilipita hapo kila asubuhi nikiyatazama. Watu wanne, makoti matatu. Baba anatuondoa, nikaamua. Anatupeleka kwa ndugu yake akatuache huko, kisha abaki Sydney peke yake. Ndiyo maana anaichora njia kwa uangalifu vile, kila kituo cha mafuta, kila kona, ili tusipate sababu ya kurudi.

Basi nikafanya nilichoweza. Ijumaa nilipotoka shule niliing'oa karatasi moja, ile yenye njia ya mlimani kutoka Uswisi kuingia Italia, nikaificha ndani ya foronya yangu. Kwa akili yangu ya wakati ule, pasipo barabara hapana safari.

Kesho yake Mama alikuwa kazini Quakers Hill, kwenye nyumba ya wazee. Baba alitandaza ramani, akaliona pengo. Hakupiga kelele. Alikaa chini, akaniita.

"Aline, Uswisi imekwenda wapi?"

Nilimjibu kwa Kiingereza, kama nilivyofanya kila nilipokasirika: "Who's not coming? There's only three coats."

Alifunika kalamu yake nyekundu. Kisha akaniambia kwamba asiyekwenda ni yeye.

Alikuwa na miaka kumi na sita, Deo tisa, asubuhi walipokimbia kuvuka mpaka kuingia Tanzania. Mama yao alikuwa amewashikanisha mikono. Kwenye kilima cha mwisho risasi zililia, watu wakatawanyika, na Baba alipofika ng'ambo mkono wake ulikuwa mtupu. Kwa miaka mingi aliamini kuwa mdogo wake amekufa. Kisha muumini mmoja wa kanisani akampatia namba ya simu ya Deo, huko Austria. Deo alipopokea, Baba alimpa Mama simu na kutoka nje.

"Nimewachorea njia muende nyinyi," akasema. "Awaone. Mimi nitasimama mbele yake niseme nini?"

Nilisema nililolijua: "Lakini Mama hawezi kuendesha upande wa kulia. Geti letu ameligonga mara mbili. Atatuua."

Baba alinitazama, halafu akacheka, akacheka mpaka akafuta macho kwa kiganja. Nikaenda kuichukua Uswisi. Jumamosi iliyofuata alirudi na koti la kahawia lililombana mabegani, na Mama alipoliona alisema tu, "Na mimi nilikuwa nangoja gari ipate dereva."

Tulikwenda. Kevin alitapika kila kilima. Tulipotoka Italia kuingia Austria, Baba alipunguza mwendo, pasipoti zetu nne mapajani, akingoja askari. Palikuwa na kibao cha buluu tu. Hakuna aliyetoka kutuuliza sisi ni nani. Aliegesha pembeni, akabaki ameshika usukani hadi Mama alipomgusa bega.

Baba mdogo Deo alitupokea nje, kwenye theluji, amemzidi Baba kimo. Baba alianza: "Deo, mkono wako..."

"Kaka," akamkatiza, "mimi ndiye niliyeuachia. Nilichoka kukimbia."

Nilikuwa karibu, na tabia yangu mnaijua. Nilimwona Baba mdogo akitazama viatu vyake alipolisema hilo, na papo hapo nikajua anadanganya. Nilikaa na siri hiyo miaka, nikimwonea Baba huruma kwamba ameuamini uongo.

Siku hizi nina watoto wangu, na Baba amezeeka. Juzi tu nilithubutu kumwambia kwamba Baba mdogo hakusema kweli siku ile.

"Najua," akasema. "Mtoto wa miaka tisa hauachii mkono wa kaka yake." Akapuliza chai yake, akanywa. "Alinipa, nikapokea. Ulitaka nimrudishie?"