Mwalimu wa Chuma Aliyeinama

Shangazi yangu ni fundi wa kuchomelea mageti, na ukitaka mgombane, mwambie geti lako lisiwe na maua. Atakuwekea maua. Na ndege pia, kama kuna vyuma vimebaki. Watu wanasema ana kichwa kigumu. Mimi nasema ana kichwa, basi.

Shule aliyosoma ilipomwagiza sanamu ya mwalimu wake wa hesabu, kamati ilitaka mwalimu asimame wima, mkono juu, kifua mbele. Sababu ilijulikana ingawa hakuna aliyeitamka: mzee yule bado yu hai, na uzee umemkunja mgongo mpaka anatembea akitazama vidole vyake vya miguu. Waliona angalau chuma kimnyooshe.

Shangazi akawajibu, "Sawa, nimewasikia." Kusikia kwake si kukubali, sisi wa nyumbani tunalijua hilo. Akajifungia karakanani, akakata mabomba, akapinda nondo, akasaga maungio kwa grenda mpaka ukipitisha kiganja huhisi mkwaruzo wowote. Nilipochungulia nikaona mtu wa chuma ameinama.

"Shangazi, utatuaibisha. Watasema unamcheka mzee wa watu."

"Hebu nyamaza, mwanangu. Hivi ndivyo alivyokuwa akiwa kijana. Darasa zima mimi ndiye niliyeshindwa na hesabu. Alikuwa anakuja kwenye dawati langu, anainama, ananisogezea sikio, ili nikikosea asikie yeye tu. Sasa huyo wa kusimama wima ni nani? Mimi simjui."

Lakini siku ya uzinduzi nilimwona akifunga na kufungua kitambaa chake cha kichwani. Kamati haikumsumbua hata chembe. Yeye alimwogopa mzee mmoja tu, mwalimu wake, asije akadhani kwamba mwanafunzi wake amemtengenezea kibiongo ili umati umcheke.

Mgeni rasmi akavuta shuka. Kisha minong'ono, na huko nyuma mtu akaangua kicheko. Mwenyekiti wa kamati akamsogelea shangazi, akasema kwa meno yaliyoumana, "Mama, ndiyo nini hii?" Shangazi akageuka kumtazama mzee. Mimi nilitamani ardhi ipasuke inimeze.

Mzee akanyanyuka na mkongojo wake, akaizunguka sanamu polepole. Mbele ya sanamu palikuwa na kibenchi cha chuma, kitupu. Akakigonga kwa mkongojo.

"Mwanafunzi yuko wapi?"

"Sikumtengeneza, mwalimu," shangazi akasema. "Nimeacha nafasi, akae yeyote."

Akakaa mzee mwenyewe. Alijishusha taratibu, ameshika bega la chuma. Kisha akainua uso, jambo ambalo shingo yake haimruhusu ovyo, akamtazama yule aliyemwinamia.

"Miaka yote ile mimi niliona tosi za vichwa vyenu tu," akasema. "Sikujua ninyi huku chini mlikuwa mnaona hivi."

Mwenyekiti akaja mbio kumnyanyua, maana mgeni rasmi alikuwa ameshakohoa tayari kwa hotuba. Mzee akauondoa mkono wa mwenyekiti.

"Niache kwanza. Niitie binti yangu, huyu fundi, aje akae hapa."

Shangazi akaenda, akaketi kando yake, akalia waziwazi bila kujificha. Mgeni rasmi akaihutubia migongo yao miwili.