Dhahabu Ndani ya Amplifaya

Nisipowaambia mimi, watu wa Kosele watawaambia, na wale huongeza chumvi, kwa hivyo afadhali aibu yangu muisikie kwangu.

Miaka ile ya tisini nilikuwa fundi wa redio mjini Migori, nimemchumbia Atieno, binti ya mzee wa kanisa huko Kosele, na mzee alikuwa bado hajakubali. Basi amplifaya ya makambi, ile mikutano ya kanisa ya kila mwaka, ikaharibika, mzee akaniletea yeye mwenyewe (mtihani huo, nani hakujua?), nikaifungua nikakuta rezista moja imeungua, ile ya kibao cheupe chenye mstari mweusi. Spea ilikuwa Kisumu. Nikaona uvivu kwenda.

Sasa, nilishasikia kwamba ule mstari ni unga wa kioo na unga wa madini, vikachomwa pamoja mpaka vikashikana. Nikajiambia, kioo si chupa ya soda? Na madini si machimboni Masara hapo tu? Nilikuwa na kipande cha dhahabu cha kule Masara, akiba yangu ya harusi, nikakikwangua kidogo kwa tupa, nikachanganya na chupa niliyoitwanga, nikapaka kwenye kibao, nikachoma kwenye jiko la mkaa huku napuliza mpaka macho yakatoa machozi. Umeme ukakataa kupita. Nikaongeza dhahabu. Ukakataa. Nikatia yote iliyobaki, ukapita, nikajipigia makofi (ulipita bila kuzuiwa na chochote, na kazi ya rezista ni kuzuia, lakini mtu mwenye furaha haulizi).

Siku ya Sabato mzee akashika maikrofoni, akasema, "Hii imetengenezwa na kijana wetu." Wetu! Nikaketi vizuri. Akasema, "Tuombe," na amplifaya ikanguruma kama fahali, moshi ukatoka, kwaya ikatawanyika, nami nikaruka benchi nikang'oe waya, nikaanguka pamoja na spika.

"Umeweka nini humu?"

Kwa woga nikasema ukweli. "Dhahabu, Baba. Ile ya harusi."

Mzee akasema bila maikrofoni, na kambi nzima ikasikia, "Yawa! Mtu anayechoma harusi yake kwenye jiko, binti yangu atakula nini kwake?"

Atieno aliolewa na mwenye duka la spea, Kisumu. Mimi sichomi kitu tena, naapa. Rezista ikiungua napanda gari naenda kununua kwa bwana huyo, naye hunipunguzia bei bila kuombwa, na hilo ndilo linaloniuma.