Ungo na Jembe Uwanjani Mungaa

Dada yangu Anjelina hapigi simu ovyo. Akipiga, ujue kuna msiba au kuna ugomvi, na safari hii ulikuwa ugomvi. Kikundi chetu cha wakulima wa alizeti kule Mungaa kilikuwa kimepata mashine ya kukamua mafuta. Wanachama wakakaa kuchagua mwenyekiti, kura zikaenda sare. Waliogombea ni dada na Danieli, mume wa binti yake Neema. Akishinda dada, mashine inafungwa pale pale kijijini. Akishinda Danieli, inapelekwa Singida mjini kwenye wateja wengi.

"Uchaguzi unarudiwa Jumamosi," dada akasema. "Na wewe ni mwanachama. Njoo, mdogo wangu. Magoti yangu hayabebi tena gunia la alizeti mpaka barabarani."

Mimi nauza vipuri vya baiskeli hapa Manyoni. Jirani yangu kinyozi aliponiona nashusha mlango wa duka mapema, alicheka. "Unafunga biashara kwa ajili ya kura moja?" Nikamjibu kwamba kura moja juu ya sare ni ushindi, hiyo ni hesabu ya darasa la kwanza. Nilijiona mjanja sana siku hiyo.

Ijumaa asubuhi nilipanda basi la Singida. Mashamba kando ya barabara yalikuwa yamekauka, alizeti zimeinamisha vichwa, na upepo ulikuwa ule wa kwetu unaokutia mchanga mpaka kwenye meno. Kabla hatujafika Ikungi nilikuwa nimeshapanga maneno ya kumpongeza dada.

Niliposhuka Ikungi, nani nakutana naye kwenye bodaboda? Yona, kaka yake Danieli, ametokea Itigi na begi lake begani.

"Unakwenda wapi, bwana Yona?"

"Mungaa. Kupiga kura."

"Ya nani?"

"Ya mdogo wangu. Ya nani tena?"

Tukatazamana. Yona si mtu wa mafumbo. "Basi wewe unaongeza moja huku, mimi naongeza moja kule," akasema. "Sare ni ileile. Si bora turudi wote wawili makwetu, tuokoe nauli?"

"Vizuri," nikasema. "Tangulia wewe."

"Aa, wewe ndiye umefunga duka. Tangulia."

Hakuna aliyetangulia. Mwishowe tulikodi pikipiki moja, tukabanana mshikaki, mahasimu wawili, yeye kashika begi langu na mimi nimeshika mkanda wa suruali yake. Njia inapita katikati ya majiwe makubwa, na kila tuliporushwa Yona alisema "pole" na mimi nikasema "asante". Haki ya Mungu, nilitamani kucheka, ila hasira hazikuniruhusu.

Jioni tulikula kwa dada ugali wa mtama, mlenda na kuku. Nilikula huku nikifoka. Waume wa binti zake wengine, na wanaume wengi waliooa kwenye ukoo wetu, nao ni wanachama, na wote walisimama kwa Danieli kwenye uchaguzi wa kwanza. Watu wamekula kuku wa nyumba hii miaka yote!

"Hawana adabu," nikasema.

"Wana adabu mno," dada akajibu. "Umesahau? Kura zetu ni za kujipanga nyuma ya mgombea. Mimi nimesimama pale mbele, ni mama wa wake zao. Mwanaume wa hapa ataanzaje kujibanza mgongoni kwa mama mkwe wake, watu wote wanatazama?"

Nikarudisha paja la kuku kwenye sahani. Kwetu mkwe wa kiume humpisha mama mkwe njia. Hamsogelei, hamwiti jina. Hilo nililijua tangu utoto, lakini kwenye hesabu zangu za Manyoni halikuwemo.

"Kwa nini hukulisema mkutanoni?"

"Niseme nini? Wakwe zangu, njooni mnikaribie? Una wazimu wewe?"

Jumamosi tulikusanyika kwenye uwanja wa shule. Msimamizi alikuwa Mwalimu Petro, mstaafu mwenye sauti ya kengele. Dada alisimama katikati. Danieli akaenda kusimama mbali kule golini, maana hawezi kusimama sambamba na mama mkwe wake. Kampeni yake nzima, nikaambiwa, alikuwa anasema "yule mgombea mwingine" huku akitazama chini. Maskini, alikuwa amekonda kabisa.

Kabla hatujajipanga, Danieli akanyoosha mkono.

"Mwalimu, naomba wagombea tusisimame wenyewe. Tuingie darasani, mimi la huku, mama la kule. Hapa viwekwe vitu vyetu. Jembe langu, na ungo wa mama. Watu wajipange nyuma ya vitu."

Nikaruka. "Mbinu hiyo! Msikubali! Mtu anayetaka kushinda habadilishi uchaguzi dakika za mwisho, kuna jambo hapo!"

Dada akanivuta shati kwa nguvu mpaka kifungo kikadondoka. "Kaa chini, mwanaume wee. Mtoto anasema la maana."

Mwalimu akamuuliza Danieli kama anaelewa anachokiomba. Danieli akajibu akiwa amegeukia ukuta wa shule. "Naelewa. Najua nyuma yangu walisimama watu ambao miguu yao ilikosa pa kwenda. Nikishinda kwa hao, kesho nikiwaita kazini hawatakuja. Nyumbani nako mke wangu hajanisemesha tangu siku ile."

Uwanja ulicheka, mikono ikanyooshwa, hoja ikapita. Yona peke yake alishika kichwa. "Nimetoka Itigi kwa ajili gani mimi?" akalia.

Jembe likachomekwa ardhini, ungo ukaegemezwa kwenye jiwe, wagombea wakaingia madarasani. Mwalimu akapuliza filimbi.

Loo! Ungekuwepo ungeona. Wale wakwe walitoka mbio, vifua mbele, na wa kwanza alipoufikia ungo alivua kofia, akaupa heshima zake kwanza ndipo akasimama. Nyuma yake wakafuata wengine, nikawemo mimi, na mstari wetu ukapita goli, ukakunja kona ya choo cha shule. Nyuma ya jembe walibaki wachache, Yona akiwa wa mbele kabisa, kanuna. Mwalimu hakuhangaika kuhesabu. Akatangaza, vigelegele vikapaa, akina mama wakambeba dada juu juu pamoja na magoti yake mabovu. Nililia kwa furaha, wala sioni aibu kusema.

Jumapili baada ya ibada mashine ilifungwa kwenye banda lililokuwa ghala. Jambo la kwanza la mwenyekiti mpya lilikuwa kumpa Danieli kazi ya kuiendesha, kwa sababu hakuna kijana anayejua mitambo kama yeye. Nilimuuliza watafanyaje kazi pamoja, watu wasiokaribiana. Dada akaniambia nisubiri nione.

Jumatatu asubuhi, kabla sijaondoka, niliona. Niliikuta foleni ya akina mama na magunia yao, wengi wametoka nayo nyumbani kwa toroli tu. Mimi mwenye hesabu zangu nilikuwa nimejifunza kwamba mtu hukubali kushindwa kura ili aweze kuishi na watu wake, na hilo si ujinga hata kidogo. Ndani ya banda Danieli alikuwa ameupa mlango mgongo. Nje, dada amekaa kwenye kigoda, ametazama barabara, anapaza sauti kwa upepo:

"Anayeendesha aongeze moto!"

Mashine ikanguruma, mafuta yakaanza kutiririka.