Tochi Nne na Ndoo Nyeupe

Kaka wa mume wangu ni mkubwa kwa mume wangu, kwa hiyo natakiwa kumwamkia shikamoo kila nikikutana naye. Siku hizi nikimwona kwa mbali nakata kona na kupita kwenye mashamba ya watu, ili tusikutane.

Tunaishi Mbalibali, na mtama ukianza kukomaa tembo wanatoka hifadhini kuja kula. Mwaka ule mume wangu alikuwa Matongo anatafuta dhahabu, mimi nikabaki na watoto na shamba moja tu, ambalo ndilo chakula chetu mpaka mavuno mengine. Tulikuwa tunalinda pamoja na majirani, kila kona mtu mmoja na tochi yake. Tembo akimulikwa mapema na kupigiwa madebe, mara nyingi anageuza.

Shemeji akaona hiyo ni kazi ya kitoto. Tembo wanapandia korongoni, akasema, basi tuwamulike wakiwa huko huko. Akakusanya tochi zetu nne, zote za aina moja, akazifunga kwa tyubu ya baiskeli zikawa tita moja. Hesabu yake ilikuwa rahisi: tochi nne, umbali mara nne. Naye ni mtu ambaye akishasema, amesema.

Giza lilipoingia tukajaribu. Yeye alipanda kwenye dungu, kile kichanja cha kulindia, ambacho alikijenga katikati ya shamba lake. Mimi nilijitwika ndoo nyeupe nikatembea kuelekea korongoni. Kwa tochi moja, ndoo ilimpotea kwenye mkonge wa mpakani. Kwa tochi nne ikampotea kwenye kichuguu, ambako ni kama utoke dunguni hadi kwenye mkonge, halafu uende tena vile vile. Mara mbili, basi. Korongo lilikuwa bado mbele huko, gizani.

"Shemeji," nilimwambia niliporudi, "mwanga umeongezeka hapa karibu. Kule haujafika."

"Ndoo yako chafu, ndiyo maana."

Ndoo ile niliisugua mwenyewe kwa majivu asubuhi. Nilikasirika. Chini ya dungu palikuwa peupe, ungeweza kuokota sindano, lakini mwanga ukienda mbali unatanuka na kuwa mwepesi, kama maji uliyoyamwaga uani. Nilimweleza hivyo hivyo. Akaniambia nirudi kwenye kona yangu niache maneno mengi. Nilipoomba tochi yangu, akasema tita halifunguliwi.

Tembo hawakupitia korongoni. Nilisikia mabua yakivunjika upande wangu, nikapiga debe, nikapiga yowe.

"Wako huku! Lete tochi!"

Aligeuza tita kuelekea kwangu. Mwanga ulikuja ukaishia njiani, kabla ya kulifikia shamba langu.

"Mbona sioni kitu?" akauliza kutoka juu.

"Wako kwangu, shemeji! Shuka!"

"Mbona sioni kitu?"

Alishuka wakiwa wameshaondoka. Akalimulika shamba langu kwa tochi zote nne, kwa karibu, na hapo zilifanya kazi vizuri kweli. Niliona kila bua lililolala, na kila alama ya mguu iliyojaa punje zilizopondwa.

"Aisee," akasema, "sasa naona."

Shamba lake, lililokuwa chini ya dungu, halikuguswa hata suke. Nilichukua panga nikaikata ile tyubu, nikatwaa tochi yangu. Mpaka leo nashangaa panga liliishia kwenye tyubu tu.

Baada ya siku chache alikuja nyumbani mchana kweupe na debe la mtama begani. Akalitua, akasimama mlangoni akingoja nimwamkie. Wanangu walilitazama debe, hawakumtazama yeye. Mimi nilimtazama usoni, taratibu, mpaka akainamisha macho. Kisha nikawageukia watoto.

"Kuna debe hapa mlangoni," nikawaambia. "Aliyelileta mbona simwoni? Liingizeni ndani."