Kwa Miguu Hadi Goba, kwa Ajili ya Mgongo wa Zuhura

Niliondoka nyumbani kwa sababu dada yangu Zuhura hawezi kutembea, na mimi siwezi kutulia. Yeye alianguka na bodaboda, uti wa mgongo ukaumia, miguu ikanyamaza. Mimi niliacha shule darasa la tano na tangu hapo sijakaa mahali pamoja zaidi ya miezi mitatu. Madaktari wanaomtazama wanafanya utafiti wa majeraha ya mgongo, na fedha zimewaishia.

"We Saidi," Zuhura akaniambia, "maisha yako yote unatembea bure. Hebu tembea mara moja kwa faida."

Saa kumi na mbili asubuhi nikatoka Mbagala kuwachangishia njiani, nimevaa fulana yenye picha yake akitabasamu. Sikuwaza kwamba hapa mjini fulana ya namna hiyo huvaliwa msibani.

Temeke, muuza vitumbua alinishika mkono, akanipa noti. "Pole baba. Binti bado mbichi kabisa jamani!"

"Yupo hai, mama."

"Hai? Sasa mbona umemvaa?"

Noti ikarudi kwenye kanga. Nikapewa kitumbua.

Msasani nilifika jua la utosi. Mzee mmoja wa Kihindi, mwenye duka la vyombo, aliniuliza kama utafiti huo utamponya dada.

"Wanasema huenda asiwe yeye, mzee. Huenda ni mtu atakayeanguka miaka ijayo."

"Kwa hiyo unamchangishia mtu ambaye hajaanguka?" Akacheka mpaka akakohoa. "Huyo anaweza kuwa mimi." Akatoa. Siku ile nzima ni yeye tu aliyenielewa. Mteja wake, mtu wa kwetu Masasi, alinipiga picha akairusha kwenye kundi la simu la watu wa nyumbani. Sikujua.

Goba, alasiri, nilipanda kilima hadi kwa mjomba Bakari nikakuta turubai limefungwa, wanawake wamekaa mikekani. Jirani yake, Mama Anjela, akanirukia kifuani akilia kwa sauti. Mjomba akanikabidhi bahasha nene ya rambirambi: picha ya Msasani ilikuwa imenitangulia.

Nakiri, nilikaa nayo kidogo. Kisha nikampigia Zuhura kwa video, nikawageuzia simu.

"Shikamooni," akasema. "Mnamlilia nani?"

Mwanamke mmoja alikimbia akaacha viatu. Mjomba akasafisha koo. "Mwanangu, kwa kuwa uko hai, bahasha hii itabidi tuijadili."

"Mjomba, fedha ya kunizika mmeipata mchana mmoja. Ya kunisimamisha mpaka kikao?"

Mjomba akaichukua bahasha mikononi mwangu. Ikaingia mfukoni kwake.

Kesho yake nilirudi Mbagala kwa basi, na kile kidogo cha Msasani. Nilikuwa nimejifunza kwamba marehemu haulizwi kitu; mgonjwa huulizwa yote.

Jumapili wakaja kumjulia hali, mjomba na bahasha yake, na Mama Anjela amenuna kama mtu aliyedhulumiwa machozi. Hakusalimia. Alipiga magoti akaubinya mguu wa Zuhura.

"Unasikia?"

"Sisikii, mama."

Akabinya juu ya goti. "Na hapa?"

"Sisikii."

Akafinya paja kwa kucha. Zuhura alikuwa anamtazama tu.

"Hao madaktari," Mama Anjela akasema taratibu, "ndicho wanachokitafuta hiki?"

"Ndicho hicho, mama."

Bila kuinuka, akamgeukia mjomba, akanyoosha kiganja.

"Bakari, lete bahasha."